Dalali anasema mtaa umejaa wezi: niuze kibanja cha Namuwongo?

MamaShamim: Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Niko Namuwongo hapa Kampala, upande wa chini. Marehemu mume wangu aliacha kibanja chenye mizigo minne, yaani nyumba za chumba kimoja kimoja: mmoja nalala na wajukuu, mitatu napangisha. Majirani wawili wameuza, na sasa yamesimama maghorofa yenye kuta na nyaya juu. Kijia cha kwenda kuteka maji kimezibwa, tunazunguka nyuma gizani.

Dalali haishi kuja. "Mama, wezi wamezidi, bei inashuka, uza mapema." Kioo cha gari kikiibwa kule ghorofani, milango yetu ya mabati ndiyo inayogongwa kwanza. Binti yangu anataka tuhamie Mukono. Usingizi sina.

BodaWaStejini: Mama, mimi niko stejini mpaka saa saba usiku. Simu zinaporwa kweli, lakini ni kwenye hicho kichochoro kipya katikati ya kuta. Zamani palikuwa na muuza samaki, fundi redio, vijana wa ludo. Mwizi angepita wapi asionekane?

Kalamu256: Tangu Januari wewe mwenyewe umeibiwa nini?

MamaShamim: Mimi? Sufuria moja, na aliyeichukua namjua 😂 Jirani kaibiwa mtungi wa gesi. Mengine nimeyasikia kwa dalali.

Kalamu256: Basi dalali ndiye redio yako. Ukiogopa, yeye ananunua rahisi.

MzeeWaNaguru: Mwanangu, sisi wa mitaa ya Naguru na Nakawa, hapa hapa Kampala, tulivunjiwa nyumba 2011. Tuliambiwa tutarudi kwenye nyumba mpya. Miaka ikapita, kiwanja kikaota majani. Ukiuza, pesa iingie benki kwanza ndipo utoe funguo.

DadaSheria: Mama, kwanza jua ardhi ni ya nani. Kama ni mailo, yaani ardhi ya Buganda yenye hati ya mtu binafsi, Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka mwenye kibanja (anayekaa juu ya ardhi hiyo bila hati) akiuza ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua, na mwenye ardhi naye akiuza aanze na wewe. Risiti za busuulu, ile kodi ya mwaka unayomlipa mwenye ardhi, zitunze. Kama mko ndani ya eneo la reli, hayo ni mambo mengine. Waulize waliovunjiwa nyumba kando ya reli 2014. Halafu, barua za usimamizi wa mirathi ya mzee unazo? Bila hizo usitie sahihi popote.

MamaShamim: Sina. Hata sikujua zinahitajika.

WaGhorofani: Mama, samahani, mimi ni mpangaji wa hayo maghorofa. Narudi kazini saa tatu usiku na kichochoro hicho nakiogopa kama nyinyi. Tulichanga taa, ukuta unaikinga isimulike kwenu. Mwenyekiti wa LC1, baraza letu la mtaa, akiitisha mkutano, nitakuja na wenzangu wawili.

MamaShamim: Asante, mwanangu. Jumapili naenda kwa mwenyekiti na makaratasi ya mzee. Dalali kapiga mara mbili leo, nimeiacha simu ilie.