Kikundi cha Ukoo na Majirani wa Langoni: kumkumbuka marhumu askari polisi wetu

Ami Mkubwa: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, jamaa na majirani. Khitma ya marhumu ndugu yangu itasomwa Ijumaa baada ya alasiri, nyumbani kwake hapa Langoni, Lamu, inshallah. Mkewe yumo edani mpaka itimie miezi 4 na siku 10, kwa hiyo wanawake watamfuata ndani alipo. Nina ombi moja. Kila aliyemjua aandike hapa jambo alilolishuhudia yeye mwenyewe, kwa sababu mwanawe wa mwisho bado hajaanza shule, na atakapokua atatuuliza babake alikuwa mtu wa namna gani. Msimpambe kwa sifa ambazo hata yeye angezikataa.

Nahodha, jirani: Waalaykum salaam, Ami. Mimi nitasema la mwaka 2014. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwezi wa Juni, ilipotangazwa kafyu na wavuvi tukakatazwa kuvua usiku, wengi wetu tulimwona kila mwenye sare kuwa ndiye aliyetunyima riziki. Marhumu alikuwa mtoto wa hapa hapa, akabeba lawama za pande zote mbili: huku kwetu aliambiwa ameuza watu wake, na huko kazini sidhani kwamba kila mtu alimwamini. Hata hivyo, alipomaliza zamu alivaa kikoi chake akaja kukaa nasi pwani, akatueleza amri ile inasema nini hasa, na mvuvi aliyeharibikiwa na mashine akiwa bado baharini afanye nini ili asichukuliwe kuwa mhalifu. Kijana wangu alipokamatwa kwa kuchelewa, ni yeye aliyekwenda kituoni kumsemea, na hakupokea kwangu hata shilingi moja.

Koplo, mwenzake kazini: Nathibitisha maneno ya Nahodha. Nami naongeza jambo ambalo nje ya kituo halikuonekana. Mwanamke akija kulalamika kwamba amepigwa, kuna askari ambao neno lao la kwanza ni kumrudisha akasuluhishwe na wazee. Marhumu alimpa kiti, akaandika malalamiko yake katika OB, lile daftari la matukio la kituo, akamweleza fomu ya P3, ile ya polisi ya kuonyesha majeraha, ni ya nini na daktari ataijaza vipi, kisha ndipo akasema kwamba wazee wanaweza kuja baadaye. Nembo yetu imeandikwa “Utumishi kwa Wote”, na katika wote niliofanya nao kazi, sikumwona mwingine aliyeyachukua maneno hayo kwa uzito kama yeye.

Shangazi: Nyumbani alifua sare zake mwenyewe, na kila alipokuwa Lamu aliwasikiliza watoto juzuu zao kabla ya kulala, hata kama macho yalikuwa yanamfumba. Alipohamishiwa bara, aliwasikiliza kwa simu.

Binti wa marhumu: Ahsanteni, wazee wangu. Mimi nitaandika kuhusu ugonjwa, kwa sababu wengi mmeniuliza faraghani na ni bora wote mjue. Baba alikuwa na saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ilianza kwa mkate wa mofa kumkwama, naye akawa anausukuma kwa maji. Baadaye ukawa wali, na mwisho hata uji ulikuwa unarudi. Tulidhani ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa za tumbo za dukani kwa muda mrefu. Alipopitishwa kamera ya kooni kule Mombasa, upasuaji haukuwezekana tena, ila aliwekewa kijibomba ndani ya umio ili chakula laini kipate njia. Kwa hiyo nawasihi, mtu wenu akianza kukwamwa na chakula, msimwache kwenye dawa za dukani.

Mpwa, muuguzi wa Mombasa: Dada yangu ameeleza sawasawa. Mimi nilikuwa naye katika jambo la maumivu, nalo ndilo lililonigusa zaidi. Daktari alipomwandikia mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, Mjomba aliikataa kabisa. Alikuwa amepambana na wauzaji wa unga wa kulevya miaka mingi, amewasindikiza vijana wa watu mpaka kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha unga, kule Malindi, na akasema hataki watoto wake wamwone baba yao akifa teja. Ilibidi nikae naye nimweleze kwamba dawa ile hupimwa kwa sindano ya kunywea, hunywewa kila baada ya saa 4 bila kungoja maumivu yarudi, na kwamba mgonjwa anayeinywa kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu si sawa na kijana anayetafuta kulewa. Alinihoji kama anavyohoji shahidi. Aliporidhika, alinywa, na usiku huo alilala. Kuanzia hapo aliandika mwenyewe saa ya kila kipimo katika daftari, na nguvu alizozipata alizitumia kukaa na watoto na kuandika madeni yake.

Ami Mkubwa: Daftari hilo ninalo. Aliniagiza madeni yalipwe kabla mirathi haijafikishwa kwa Kadhi. Koplo, nakuomba unisaidie karatasi za kiinua mgongo, kwa kuwa wewe unazijua ofisi zenu.

Koplo, mwenzake kazini: Nitakuja nazo Ijumaa asubuhi, Ami, ili mama azione kabla watu hawajajaa.

Nahodha, jirani: Ami, ikiwa jina langu limo, ni deni la samaki waliochukuliwa kwa ajili ya supu yake alipokuwa mgonjwa. Mimi nimelisamehe, mbele ya kikundi hiki.

Ami Mkubwa: Mwenyezi Mungu akulipe kheri, Nahodha. Lakini limo, kwa mwandiko wake mwenyewe, na kando yake ameandika kwamba wewe utasamehe na kwamba nisikubali. Pesa zako ziko kwa Shangazi; njoo uzichukue kabla ya Ijumaa.