Mwaka wa tatu chuoni: amalize, au aingie drafti ya NFL?

MjombaWaHouston
Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Naomba tujadili bila matusi. Mtoto wa dada yangu yuko mwaka wa tatu chuo kimoja hapa Texas, anacheza futiboli ya Kimarekani, upande wa ulinzi. Kazaliwa hukuhuku, Kiswahili chake kinaanzia shikamoo kinaishia chapati. Alipeleka jina kwa ile kamati ya NFL, ligi kubwa ya mchezo huo, inayowapima vijana kabla hawajajitosa kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi kwa raundi. Majibu yao ni matatu tu: raundi ya kwanza, raundi ya pili, au baki shule. Yeye kaambiwa abaki shule. Sasa anataka kujiandikisha hivyohivyo, na mwisho ni katikati ya Januari. Dada analia, shemeji kanyamaza kama hayumo, simu zote zinakuja kwangu. Lakini swali langu ni kubwa kuliko kijana wetu: ni halali mtoto kukatisha chuo akafuate hela, au chuo ndicho kinachowala hawa watoto kikijificha nyuma ya digrii?

BintiTanga
Kaambiwa baki shule na haohao watakaomnunua, bado anabisha? Raundi ziko saba, timu 32. Ukishuka chini ya raundi ya tatu wewe ni nyanya za jioni, unachukuliwa kwa sababu ni rahisi, na Agosti unaachwa. Amalize. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Buckeye_Mswahili
Dada Tanga, mbachao ni upi? Kwenye mchezo ule mbachao ni magoti. Marcus Lattimore wa South Carolina, mwaka 2010, mwaka wake wa kwanza chuoni, kila mtu aliona kuwa huyu ni wa ligi kubwa. Sheria ikamshika: lazima miaka mitatu ipite tangu umalize sekondari. Akakaa. 2011 goti. 2012 goti jingine, na lile hata kutazama marudio yake siwezi. 49ers wakamchukua raundi ya nne, hakucheza hata mechi moja ya ligi. Maurice Clarett wa hapa kwetu Ohio State aliipeleka sheria hiyohiyo mahakamani 2004. Akashinda chini, akashindwa rufani. Aliyeandika hukumu ya rufani ni Sotomayor, huyuhuyu aliyepo Mahakama Kuu sasa. Mtoto wa miaka 18 anapelekwa vitani, lakini kukimbia na mpira wa ngozi eti hajakomaa.

Nyeri_Minneapolis
Buckeye, hiyo ya vitani wacha. Nina kijana kwa jeshi la Marekani na hatujamwandikia apelekwe mahali popote, alijiandikisha mwenyewe akiwa na akili zake. Kila mtu akikosa hoja anaingiza jeshi.

Buckeye_Mswahili
Baba Nyeri, samahani, sikumlenga kijana wako. Ni mfano tu.

Nyeri_Minneapolis
Mifano ni mingi. Chukua ingine.

KariakooOG
Mbona mnakwenda mbali wakati mfano tunao nyumbani? Hasheem Thabeet, yule mcheza kikapu wetu, angemaliza mwaka wake wa nne pale chuo cha Connecticut asingetuaibisha. Kaona hela, kakimbia, namba moja drafti ya NBA, miaka mitano tu kwisha habari yake. Kijana wenu asome hapo.

ChalinzeToBoston
"Asingetuaibisha"? Wewe umeaibishwa na nini, ulikuwa unamlipia nauli ya daladala? Kwanza alikuwa namba mbili, 2009, Memphis. Namba moja ni Blake Griffin. Mtu katoka Dar, kikapu kaanza kukigusa akiwa na miaka 15, miaka saba baadaye anasimama New York anavishwa kofia, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Leo mtu kakaa na kahawa yake anasema aibu. Watanzania bwana, mwenzetu akipanda tunamshika miguu.

KariakooOG
Sawa, namba mbili. Sasa taja namba tatu alikuwa nani. Umenyamaza. James Harden. Namba saba Stephen Curry. Na msimu wake wa kwanza haujaisha Memphis wakamshusha ligi ndogo, Dakota. Kabla yake hajawahi kushushwa mtu aliyechaguliwa juu kiasi kile. Hizo ni chuki zangu au ni historia?

BintiTanga
KariakooOG una haki, ila ungesema taratibu.

MamaWawili_Dallas
Mjomba, nikurudishe kwenye swali lako. Hesabu zimebadilika. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao. Na tangu 2025 chuo chenyewe kinaruhusiwa kuwagawia pesa, hadi kama dola milioni 20 na nusu kwa chuo mwaka ule wa kwanza, michezo yote ikiwa humo. Ndiyo maana wanaotoka mapema wamepungua. Miaka kumi iliyopita walikuwa wanakaribia mia kila mwaka. Kijana akibaki hakai bure kama zamani. Tena wenu ana bahati, ni raia. Wangu anacheza soka chuoni kwa viza ya mwanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi ovyo, kwa hiyo mwenzake wa chumba kimoja anapigwa picha na duka la magari analipwa, wa kwangu anashika taa ya mpiga picha. Ulizeni kwanza chuo kinampa ngapi kijana akibaki, ndipo muulize habari za drafti.

ChalinzeToBoston
Nilikuwa kazini ndiyo maana nimenyamaza, si kwamba nimekosa la kusema. Curry aliachwa na timu tano, siyo moja. Kwa nini lawama zote abebe Mtanzania? Na hiyo hoja yako ya mwaka wa nne ni ya mtu asiyetazama mpira. Februari 2009 Connecticut wanaongoza nchi nzima, wanacheza na Pittsburgh. Yule DeJuan Blair, mfupi, mpana kama jokofu, akambeba Thabeet juu ya bega akambwaga kama gunia la mkaa. Pointi 22, ribaundi 23. Watu wote wameona. Miezi minne baadaye Thabeet namba mbili, Blair wa 37! Sasa jiulize: angerudi mwaka wa nne, wakina Blair wangembwaga mara ngapi zaidi? Alitoka siku bei yake iko juu kabisa. Wewe unayeuza korosho unangoja bei ishuke?

KariakooOG
Mimi siuzi korosho.

ChalinzeToBoston
Nimesema mfano.

Lindi_Boy
Wanaouza korosho tumewakosea nini?

Nyeri_Minneapolis
Mkimaliza ya Thabeet, sisi Kenya tulipeleka mtu NFL yenyewe. Daniel Adongo, timu ya Colts, 2013. Hakupitia chuo hata siku moja, alitoka raga moja kwa moja. Na kwa mbio, Edward Cheserek alikaa Oregon miaka yote minne, mataji 17 ya vyuo. Subira inalipa. Haraka haraka haina baraka.

KariakooOG
Adongo alicheza mechi ngapi?

Nyeri_Minneapolis
Zaidi ya zile Watanzania wamecheza NFL. Hesabu wewe.

Buckeye_Mswahili
Hapo nimecheka peke yangu kwenye basi. Lakini Baba Nyeri, Cheserek kwa mataji 17 alilipwa nini? Oregon waliuza fulana, televisheni ikalipwa, yeye kapewa ada, chakula na kitanda. Ile siyo subira, ile ni kibarua. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Zena_Muscat
Kila methali imezaa mwenzake wa kuibishia, tutakesha hapa. Mie mpira wenyewe siujui, mtoto wa kaka yuko huko ndiyo nafuatilia. Mwenye namba alete namba.

Buckeye_Mswahili
Namba hizi, dada Zena. 2010 Sam Bradford alichaguliwa wa kwanza, akahakikishiwa dola milioni 50. Mwaka uliofuata wakaweka mkataba mpya wa ligi, Cam Newton naye wa kwanza, akapewa milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo mkataba wa kwanza una kipimo chake, hakuna kupiga bei. Hela yenyewe iko kwenye mkataba wa pili. Kwa hiyo kila mwaka unaokaa chuoni unausogeza mkataba wa pili mbele, na magoti hayasubiri. Anayekimbia na mpira akifika miaka 27 wanamwita mzee.

BintiTanga
Na wale waliobaki wakafaidi huwataji. Andrew Luck angetoka 2011, akakaa Stanford akamaliza usanifu majengo, 2012 bado akawa wa kwanza. Joe Burrow msimu wa 2018 hakuna aliyekuwa anamlilia, kakaa mmoja zaidi pale LSU, kapiga pasi za magoli 60, namba moja 2020. Tena digrii alikuwa ameshachukua Ohio State, kwenu huko Buckeye, mkamweka benchi. Hilo mbona hulisemi?

Buckeye_Mswahili
Hilo nalisema kila mwaka, kwa uchungu. Nawe taja Matt Leinart. 2004 kwotabeki (mrusha pasi) bora wa vyuo, angetoka angekuwa wa kwanza au karibu na hapo. Akarudi USC. Unajua ule muhula alisoma nini? Somo moja tu: kucheza dansi. Wallahi. Kisha drafti ya 2006 akaangukia namba kumi. Matt Barkley, USC hiyohiyo, karudi 2012, bega likaumia, raundi ya nne. Hiyo digrii ya dansi ndiyo mnayomng'ang'aniza mtoto?

BintiTanga
Leinart alikuwa amebakiza somo hilo moja tu apate digrii yake, ndiyo maana hakusoma mengine. Ukitaja usitaje nusu.

Buckeye_Mswahili
Hapo umenipata.

Kivu_DesMoines
Jambo kwenu bote. Miye ni Mukongomani wa Bukavu, batoto bangu babili banacheza ile mupira hapa ku lycée. Munagombana juu ya mutu mwenye alisha lipwa feza yake zamani, na mutoto wa huyu ndugu bado hajalipwa. Kocha alikuya kwetu ku nyumba, alikula fufu yetu, alisema mutoto atakuwa kama mutoto wake. Saa ile mutoto aliumia mukono, kocha hakupiga hata simu. Basi musiniambie chuo ni baba.

MamaWawili_Dallas
Asante ndugu wa Bukavu. Na yangu hakuna aliyeigusa. Nimeandika kuhusu pesa za kubaki, mmeruka mkaenda kwenye korosho.

Lindi_Boy
Korosho si mimi niliyeanza.

KariakooOG
Turudi kwenye mada. Mada ni kwamba Thabeet hakuwa tayari. Futi saba na inchi mbili, kila mtu alijua ni mrefu, hakuna aliyejua kama anajua mpira.

ChalinzeToBoston
Mchezaji bora wa ulinzi wa ligi yake ya Big East mara mbili mfululizo, 2008 na 2009! Fainali ya timu nne 2009! Hajui mpira? Wewe kijana wa Kariakoo ulicheza wapi?

KariakooOG
Mimi si kijana, nina miaka 54, na nilicheza Jangwani kabla hujazaliwa.

ChalinzeToBoston
Shikamoo mzee. Hoja yako bado mbovu.

KariakooOG
Marahaba. Yako imekufa kabisa.

Zena_Muscat
Alhamdulillahi, adabu imerudi. Mjomba yuko wapi na mtoto?

MjombaWaHouston
Nipo, nasoma tu. Mama Wawili, maneno yako nilimpelekea dada, akamuuliza kijana: chuo kinakupa ngapi ukibaki? Kumbe hakuwa ametuambia yote. Wakala wake kamletea ofa ya chuo kingine, jimbo jingine, wanampa zaidi ya mara mbili ya anachopata hapa, acheze msimu mmoja kisha ndiyo drafti. Hilo la NFL alikuwa analitupa mbele ili lile jingine lionekane dogo. Shemeji kafungua mdomo mara ya kwanza mwezi huu, kasema "mtoto huyu kanizidi ujanja". Kwa hiyo drafti haingii, na alipo habaki.

BintiTanga
Na masomo aliyokwisha soma yanahamishika yote? Mwaka wa tatu anahama, asije akarudishwa nyuma. Muulizeni kwa maandishi kabla hajasaini.

MjombaWaHouston
Dada kauliza hilohilo. Jibu ni "wanaangalia".

BintiTanga
"Wanaangalia." Basi tayari nimejibiwa.

MamaWawili_Dallas
Mjomba, mkataba wa hizo pesa ausome mwanasheria wenu wenyewe, asiwe wa wakala. Waangalie akiumia inakuwaje, na akiamua kuhama tena anarudisha au harudishi. Nitakutumia ujumbe pembeni.

Buckeye_Mswahili
Mchezaji anahama chuo kama anahama Simba kwenda Yanga, na bado wanamwita mwanafunzi.

Nyeri_Minneapolis
Wewe ndiye ulitaka walipwe. Sasa wamelipwa umenuna.

Buckeye_Mswahili
Sijanuna. Jirani yangu mwenye tiketi za msimu ndiye aliyenuna.

ChalinzeToBoston
KariakooOG, nimetulia sasa, nimekunywa chai. Tatu.

KariakooOG
Tatu nini?

ChalinzeToBoston
Futi saba na inchi tatu. Uliandika mbili.