Hela za kuboresha mashine za ubongo zipo, je kichwa chenye nywele kama zetu nani anakiangalia?

MsusiNgamiani

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za usiku. Mimi ni msusi, nina banda langu Ngamiani hapa Tanga, kwa hiyo mnisamehe nikiuliza kitu cha wasomi.

Iko hivi. Binti wa marehemu dada yangu ana miaka 9, mimi ndo namlea na ananiita mama. Tangu mwaka juzi anaanguka. Bibi yake akasema ni pepo, tukazunguka huko weee mpaka tukachoka, mwisho daktari akasema apigwe EEG, kile kipimo cha kusoma umeme wa kichwa, tukapanda basi pale Kange alfajiri na mapema tukaenda, wapi sisemi. Sasa usiku wa kuamkia safari nilikuwa nimemsuka twende kilioni safi kabisa, si mtoto anaenda mjini bwana. Tumefika, kijana wa kipimo kaangalia kichwa kasema fumua. Fumua zote. Nikakaa kwenye benchi la korido nafumua kwa mkia wa kichana, mtoto analia, watu wanapita wanatukodolea. Nikamaliza, nywele zikasimama zote, kipilipili chetu si mnakijua. Akapima kichwa kwa futi, akaweka alama kwa penseli nyekundu, akawa anachota dawa nzito kama ya mswaki anabandika kisahani kidogo chenye waya, akienda kubandika cha tatu cha kwanza kishanyanyuka. Nilikuwa naona mwenyewe, nywele zinakisukuma taratibu kama uji unavyosukuma mfuniko. Mwisho akasema fujo nyingi, haisomeki, mrudi baada ya wiki sita. Nauli ya watu wawili imekwenda na banda siku mbili limefungwa.

Juzi mteja wangu mmoja yuko chuo akanionesha kwenye simu kwamba Marekani serikali inatoa hela, tena sio za kugundua mashine mpya, ni za KUBORESHA zilizopo, za kusoma ubongo na za kuutuliza kwa umeme. Ndo swali langu sasa. Kwanini mtu apewe hela ya kuboresha kitu ambacho tayari kinafanya kazi? Na kama wanaboresha kweli, mbona hakikukaa kwenye kichwa cha mwanangu? Na mtu kama mimi ambaye vichwa ndo kazi yangu, nagonga mlango gani?

Mgosi_wa_Makorora

Dada pole sana. Ila hela za mzungu we zisikie tu redioni. Mnyoe kipara mtoto, kipimo kipite, nywele zitaota. Sisi wa kwetu tulimnyoa na maisha yakaendelea.

MsusiNgamiani

Kaka wa kwenu wa kiume. Huyu darasani wanamuita tayari majina kwa kuanguka, nimuongezee na upara?

Fundi_Volti

Mgosi hapo umeteleza, acha nimjibu dada maana hili la kuboresha mimi nimelishika kwa mkono. Mimi fundi wa friji na AC, siku moja niliitwa mahali kuangalia AC, kwenye chumba hichohicho kuna mashine ya EEG ya msaada imefunikwa shuka, wanasema mbovu tangu ifike. Nikaomba niiwashe kwa udadisi tu. Mistari yote ilikuwa minene kama kamba ya ngalawa, huoni kitu. Sasa elewa, umeme wa ubongo ukiupima juu ya ngozi ni mikrovolti, makumi tu ya mikrovolti, yaani volti moja uigawe mara milioni halafu uchukue vipande hamsini hivi. Waya wa ukutani una volti 230, ukipita karibu tu unaufunika wote. Ndo maana mashine ina filta ya kukata mngurumo wa umeme wa ukutani. Nikaingia kwenye menyu nikakuta filta imewekwa hezi 60, yaani umeme unaopiga mara sitini kwa sekunde. Hezi 60 ni ya Marekani! Sisi TANESCO ni hezi 50. Nikageuza ikawa 50, na athi ya kile chumba, ule waya wa kwenda ardhini, ilikuwa haipo kabisa nikawavutia mpya, mistari ikashuka ikawa myembamba yule nesi akapiga kelele. Shuka lile lilikaa juu ya mashine miezi mingapi sijui, kwa sababu ya namba moja kwenye menyu.

So dada, "kinafanya kazi" inategemea kinafanya kazi WAPI na kwenye kichwa cha NANI.

Pwani_Bagamoyo

Salaam kutoka Bagamoyo. Nimefanya kazi pembeni ya utafiti miaka kadhaa, sio wa ubongo, wa malaria, ila taratibu za hela nazijua kidogo. Fundi kamaliza nusu ya jibu.

Hela anazosema dada ni za mradi unaoitwa BRAIN, Obama aliutangaza Aprili 2013. Ndani yake kuna mafungu tofauti. Lipo la mwenye wazo ambalo bado linanuka rangi, lipo la mwenye kifaa ambacho kimeshaonesha kwenye maabara yake kwamba kinawezekana, na hapo ndipo penye hilo neno kuboresha. Anaambiwa kifaa chako kinafanya kazi mikononi mwako wewe uliyekitengeneza, sasa wape wengine wakitumie, wakikurudishia malalamiko urekebishe, uwape tena, mpaka kiwe kitu cha kutengenezwa kwa wingi na maabara yoyote ikakitumia bila wewe kusimama pembeni. Mfano kuna sindano ya kuchomeka kwenye ubongo wa wanyama wa maabara inaitwa Neuropixels, ndo njia hiyohiyo, nyembamba kama unywele, ile ya 2017 ilikuwa na vituo 960 vya kusikilizia seli za ubongo na inasoma 384 kwa mpigo. Wakawapa watu, watu wakalalamika, 2021 ikatoka nyingine ndogo zaidi yenye vituo 5,120. Wazo ni lilelile, ila hii ya pili kwa udogo wake ni rahisi zaidi kuiacha kwa panya mdogo wiki na wiki anatembea zake.

Na upande wa kutuliza vilevile. Daktari Benabid kule Grenoble Ufaransa alianza 1987 kupitisha umeme ndani kabisa ya ubongo wa watu wanaotetemeka, waya kichwani betri chini ya mtulinga. Ile inapiga muda wote, uwe unatetemeka hutetemeki. Ikaja kuboreshwa mpaka 2013 Marekani wakaruhusu kifaa cha kifafa ambacho kinasikiliza kwanza, kikisikia degedege linaanza ndo kinapiga.

Sasa dada shika kiti. Kichwa cha mwanao wapo waliokifikiria. Chuo cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, alikuwepo mwanafunzi anaitwa Arnelle Etienne, yeye na wenzake 2020 walitoa kazi yao ya elektrodi, vile visahani vyenye waya, za nywele za kipilipili. Unajua walifanyaje? WALISUKA. Twende kilioni kabisa, mistari imepangwa ili njia za ngozi zipite kwenye zile alama za penseli nyekundu, halafu kibanio kinajibana chini ya misuko na kukandamiza elektrodi kwenye ngozi. Wanaviita Sevo, ni neno la ubongo kwa Kikrioli cha Haiti. Umeme ukasomeka vizuri kuliko elektrodi za kawaida. Yaani kile ulichoambiwa ufumue ndo dawa yenyewe.

Mlango wa kugonga: hela hizo hapewi mtu, inapewa taasisi. Kwako wewe ni uingie ubavuni mwa watafiti, chuo au NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, pale Tanga wapo, na chochote kinachogusa wagonjwa lazima kibali cha maadili kwanza, na kifaa chenyewe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wakikague. Sisi huku na wenzetu wa Korogwe tulikuwa vituo vya majaribio ya chanjo ya malaria RTS,S, na nakwambia bila akina mama wa vijijini kusema saa ngapi wanaweza kuja na kwanini hawaji, ile kazi isingekwenda. Ila jina la yule mama kwenye karatasi hulioni. Ukiingia dai jina lako liandikwe.

Kibo_Kimya

Naomba niharibu sherehe kidogo. Mradi huo wa BRAIN 2023 ulikuwa na dola milioni 680, 2024 ukashuka milioni 402, 2025 milioni 321. Wenyewe wanabana, wewe wa Ngamiani utapata wapi. Na hiyo sio hofu yangu kubwa. Kuna watu zaidi ya 350 duniani waliwekewa jicho la umeme linaitwa Argus II, kampuni ya Second Sight, vipofu wakawa wanaona mianga na maumbo. 2019 kampuni ikaacha kulitengeneza, hela zikawa ngumu, mtu kifaa kimo ndani ya jicho na kikizima hakuna wa kumpigia simu. Ukimuona mtu anakuja na hela ya kuboresha muulize na ya spea anayo nani, mwaka wa kumi atakuwepo?

Fundi_Volti

Hapo Kibo nakuunga mkono, ile mashine niliyoitengeneza waya mbili zimekufa na muuzaji wake yuko bara jingine. Ila kibanio cha nywele sio jicho la ndani ya mwili. Kikivunjika unatupa.

NesiMstaafu

Wanangu mmesema mengi mazuri. Mimi nimekaa wodini miaka thelathini na mbili, nina moja tu kwa mama wa mtoto. Mwanangu, amepewa dawa au anasubiri kipimo?? Maana naona watu wanasubiri mashine wakati kifafa daktari anaweza kukitambua kwa kusikiliza maelezo, na EEG ikija safi haimaanishi hana. WHO wanasema wenye kifafa ni kama milioni 50 duniani, karibu asilimia 80 wako nchi kama zetu, na asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi, nazo ni dawa za zamani tu kama fenobabitoni. Dawa usiikatishe ghafla hata akipata nafuu. Akianguka mlaze ubavu, tazama saa, na kijiko mdomoni MARUFUKU, nimeokota meno ya watoto wa watu mimi. Ikipita dakika tano kimbiza hospitali. Na siamini pepo, lakini sigombani na bibi yake.

MsusiNgamiani

Shikamoo mama nesi. Amepewa, anakunywa asubuhi na jioni, mwezi huu kaanguka mara moja tu badala ya kila wiki, bibi anasema ni kombe lake, namuacha.

Pwani wewe umenifanya nisilale. Nimetafuta picha za huyo dada wa Pittsburgh nikaziona, jamani ile ni kilioni ya kawaida kabisa, tena mstari wa pembeni angenipa mimi ningeunyoosha vizuri zaidi. Leo mchana nimechukua futi ya fundi cherehani nikampima binti wa jirani kuanzia shina la pua kati ya macho mpaka kile kifundo cha kisogoni, na sikio mpaka sikio, nikagawa kama ilivyoandikwa, asilimia kumi, ishirini, ishirini, nikaweka alama kwa wanja kisha nikasuka mistari kupitia alama. Alama kumi na tisa zote zimebaki wazi kwenye ngozi. Imechukua dakika arobaini, na hiyo ni kwa sababu alikuwa anakula kachori hatulii.

Kibo nimekusikia, ila mimi hela ya milioni mia tatu siitaki, nataka tarehe 14 nikirudi kule yule kijana asiniambie fumua. Nitaenda na futi yangu, nimuombe anioneshe alama zake, nisuke palepale mbele yake. Akikataa basi.

Fundi swali moja: nikisuka huwa napaka mafuta kwenye ngozi ili isikauke, yatazuia umeme?

Fundi_Volti

Yatazuia. Usipake hata tone, muoshe kwa sabuni jana yake, kavu, usisuke kwa kuvuta sana ngozi isije ikavimba. Na mwambie huyo kijana aangalie filta yake.