Nimwandikie nini Mwalimu wetu? Somo lake la sehemu lina kasoro na darasa zima litasoma maoni yangu

Binti_Kimara

Wakuu, habari za jioni. Nasoma ualimu hapa Dar, vipindi vya jioni baada ya kazi. Kwenye kozi moja kila mwanafunzi ametengeneza somo la mtandaoni akaliweka kwenye Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni wa chuo, na sasa tumepangiwa kukagua kazi za wenzetu. Maoni unaandika chini ya somo lenyewe, darasa zima linasoma, na mhadhiri anatoa alama kwa mkaguzi, yaani mimi.

Nimeangukia kwa mkubwa wetu wa darasa. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Temeke, alishika chaki kabla sijazaliwa, na hakuna anayemwita kwa jina: ni Mwalimu tu. Mimi ananiita mwanangu, na nikikwama kwenye foleni ya mwendokasi ananiwekea notsi.

Somo lake ni Hisabati ya darasa la nne, sehemu (nusu, theluthi, robo). Nimpe haki yake kwanza, kufundisha anajua. Anachukua chapati ya mama ntilie, anasema asili ni idadi ya vipande ambavyo mama amekata, kiasi ni vile ulivyochukua wewe, na vipande lazima vilingane la sivyo mtagombana. Mtoto hapo haulizi tena.

Sasa twende kwenye shida. Dakika ya 6 anaonyesha theluthi. Duara limekatwa kwa mistari miwili ya wima, juu hadi chini, na kila kipande kimeandikwa 1/3. Ukiliangalia tu unaona kipande cha kati ni kinene na vya pembeni ni vyembamba. Kwenye jaribio kuna swali: "Chapati imekatwa vipande 4 vinavyolingana, Juma amekula 2. Amekula sehemu gani ya chapati?" Nimeandika 2/4, nikapigwa alama ya X nyekundu na "Jaribu tena". Mfumo unataka 1/2 tu! Halafu video ni dakika 18 mfululizo, maneno yote yameandikwa kwenye skrini naye anayasoma neno kwa neno. Na vichwa vya habari ni vya njano kwenye ukurasa mweupe.

Nilichoandika mpaka sasa ni hiki: "Hongera sana Mwalimu, somo zuri na linaeleweka, ila rekebisha picha na jaribio." Naona aibu kukipeleka, lakini kuandika yote pia naona kama namvua nguo hadharani. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Kaka_Tabata

Dada, andika hongera, chukua alama zako, nenda kalale. Huyo mzee mtakuwa naye mpaka mahafali.

MamaZai_Mbagala

Binti, kama umeniamkia kimoyomoyo basi marahaba. Nimehariri masomo ya watoto kwa miaka mingi, ya kwenye karatasi na ya kwenye simu, na waandishi wangu wengi wamenizidi umri. Huyo Kaka wa Tabata usimsikilize. Ile sentensi yako ni kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwalimu akiisoma atajua hukufungua somo, au ulilifungua ukamwogopa.

Funga kompyuta kwanza. Lifungue somo kwa simu ndogo ya bei nafuu, kwa bando, kama atakavyolifungua mzazi wa Tandika anayemwachia mwanawe simu jioni. Kisha andika kilichokukuta na mahali kilipokukutia, kwa dakika na kwa namba ya swali. "Picha si sahihi" ni hukumu, na mtu mzima akihukumiwa na binti mbele ya watu lazima ajitetee. "Dakika ya 6, kipande cha kati ni kikubwa kuliko vya pembeni" hakuna wa kubishana nacho, kipo kwenye skrini.

Na kasoro zako nne hazina uzito mmoja. Mbili zinamfundisha mtoto uongo, moja inakula bando la mzazi na kumchosha mtoto, moja inaumiza macho. Anza na zinazodanganya. Ukiishiwa nafasi, hizo ndizo zisiachwe.

Hilo duara nimelipigia hesabu, kwa sababu mambo haya yananikera. Kama mistari miwili imegawa upana wa duara mara tatu sawasawa, kipande cha kati kinachukua karibu asilimia 42 ya duara zima na kila cha pembeni karibu asilimia 29. Hakuna theluthi hata moja pale. Lakini wewe usimwandikie asilimia. Mshike kwa maneno yake mwenyewe: alishasema vipande lazima vilingane la sivyo mtagombana. Mwambie mtoto aliyemwelewa vizuri pale kwenye chapati ndiye atakayechanganyikiwa kwenye theluthi. Hapo humpimi kwa kipimo chako, unampima kwa chake, na ni kizuri. Kisha toa dawa: mistari mitatu kutoka katikati kwenda ukingoni, nyuzi 120 kila kipande. Au aachane na duara, achore mstatili, ambao hata mtoto ataukata theluthi kwa rula.

Swali la Juma ndilo baya kuliko yote, kwa maoni yangu. Picha mbovu mtoto anaweza kuipita. Ile X nyekundu inamwambia amekosa wakati amepata, tena amepata kwa kufuata swali lilivyoulizwa. Kama Mwalimu anataka 1/2, swali liseme "toa jibu katika sehemu rahisi kabisa". Kama hataki hilo, mfumo ukubali yote mawili.

Suala la kusoma maandishi yaleyale yaliyo kwenye skrini limechunguzwa sana. Richard Mayer wa Marekani na wenzake walionyesha kwamba watu hujifunza vizuri zaidi kwa picha na sauti kuliko kwa picha, sauti na maandishi yanayorudia sauti hiyohiyo, kwa kuwa jicho linagombaniwa. Mayer huyohuyo anashauri somo ligawanywe vipande, mwanafunzi abonyeze mwenyewe kuendelea. Kwa Mwalimu wako naona vipande vitatu: chapati, theluthi na robo, kisha mazoezi.

Kuhusu sifa: zitoe, ila ziwe za kazi. John Hattie na Helen Timperley, katika mapitio yao ya mwaka 2007 kuhusu mrejesho, walieleza kwamba sifa za mtu binafsi, zile za "wewe ni hodari", ndizo zenye msaada mdogo kuliko zote, maana hazimwambii mtu chochote cha kufanya. Kumwambia kwamba maelezo ya asili na kiasi yasiguswe hata neno ni sifa, na ni maelekezo vilevile. Asipoambiwa, anaweza kupunguza video akakata palepale penye uhondo.

Usimuulize maswali ya mtego pia. "Je, Mwalimu, unadhani picha iko sawa?" wakati unajua haiko sawa! Wazee wanaujua huo mchezo, wao ndio waliotufundisha.

La mwisho, mpigie simu kabla hujaweka maoni.

Fundi_Ubungo

Kwa upande wa mfumo, swali hilo kulirekebisha ni kazi ya muda mfupi. Kama ni lile la jibu fupi, Moodle inaruhusu majibu mengi yanayokubalika kwa swali moja, kila jibu na asilimia yake ya alama na ujumbe wake. Aweke 1/2 kwa asilimia 100, 2/4 kwa asilimia 100, na neno "nusu" pia. Kwenye 2/4 aandike ujumbe: "Umepata. Ukirahisisha utaona ni 1/2." Waliokwisha kufanya jaribio awasahihishie upya, kitufe kipo kwenye ukurasa wa matokeo.

Bando nalo msilipite haraka. Dakika 18 za video kwa megabiti 2 kwa sekunde ni kama MB 270. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 haifiki hata MB 9. Picha zake ni chache, basi aweke picha zilizotulia na sauti chini yake, watoto wengi zaidi watalifungua. Njano juu ya nyeupe ni jambo la kupimwa, wala si la kupenda au kutopenda: WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa za mtandao zinazosomeka na watu wote, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na mandhari yake kwa angalau 4.5 kwa 1, na hata makubwa 3 kwa 1. Njano kamili kwenye nyeupe haifiki 1.1.

Kaka_Tabata

Sawa, nimekubali hongera haitoshi. Ila Mama Zai, hapo kwenye simu sikuelewi. Mkishamalizana kwenye simu, sisi tuliobaki darasani tunajifunza nini? Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite.

MamaZai_Mbagala

Hakuna kombe linalofunikwa, mdogo wangu. Simu ni ya kumwambia: "Shikamoo Mwalimu, nimepangiwa somo lako, nimeona jambo kwenye theluthi na kwenye swali la Juma, nitaliandika leo usiku." Basi. Maoni yanabaki kamili na yanasomwa na wote. Asichotendewa mzee ni kushtukizwa. Akitaka kurekebisha kabla ya saa ya kuweka maoni, andika kwamba amerekebisha, na yeye apate sifa yake.

Binti_Kimara

Asanteni sana. Nimempigia. Amecheka, akasema lile duara alilichora usiku kwa kidole kwenye simu, na swali la Juma hakujua kwamba mfumo unaweza kukubali majibu mawili. Amesema niandike kila kitu, "na usinihurumie, mwanangu." Fundi, ile ya ujumbe wa 2/4 nimemsomea kama ulivyoiandika. Nimeandika hivi, niambieni kabla sijatuma:

"Shikamoo Mwalimu. Nimelifungua somo kwa simu, kwa bando. Maelezo ya asili na kiasi kwa chapati (dakika ya 2) nakuomba usiyaguse, samahani kwa kukuamrisha. Dakika ya 6, vipande vya duara havilingani, na mtoto aliyeshika kanuni yako ya chapati atakwama hapo. Mstatili uliogawanywa mara tatu ungemsaidia. Swali la Juma: niliandika 2/4 nikaambiwa nijaribu tena. Napendekeza mfumo ukubali 2/4 na umwonyeshe mtoto kwamba ni sawa na 1/2. Video naomba igawanywe vipande vitatu, na maandishi unayoyasoma yapungue zibaki namba na picha. Vichwa vya njano havisomeki juani, samahani, bluu iliyokoza ingefaa."

MamaZai_Mbagala

Toa hizo samahani zote mbili, shikamoo imetosha. Na dakika 18 zitaje kwa namba pamoja na hizo MB za Fundi, mhadhiri aone kwamba ulipima. Tuma.