Dereva mpya, kabla hujashangilia malipo ya kilomita uliza nani anakulipa ukiwa kwenye foleni

Wakuu, leo naongea kwa hasira na mnisamehe. Kila mara anakuja dogo, leseni ya magari makubwa bado ina joto, anauliza: "Kampuni hii inalipa vizuri zaidi kwa kilomita kuliko ile, niende wapi?" Na watu wazima, wenye miaka barabarani, wanamjibu "nenda panapolipa zaidi." Hivi kweli?

Kilomita zipi? Kwenye malipo ya umbali, tairi isipozunguka hulipwi. Unafika ghalani alfajiri, mlinzi anakuandika kwenye daftari, anakwambia kaa pale utaitwa. Jua linapanda, linashuka, trela zilizo mbele yako hazijasogea hata kidogo. Kulala huwezi, maana ukiitwa usipoonekana unarudishwa mkiani. Jioni ndiyo unapakua. Malipo ya siku nzima: sifuri. Ukipiga simu ofisini unaambiwa "vumilia bwana, ndiyo kazi." Mwenye ghala hajapoteza kitu, tajiri hajapoteza kitu. Aliyeumia ni mmoja tu.

Na hizo kilomita zenyewe hazihesabiwi na dashibodi yako. Wanapima kwenye ramani yao, mara nyingi mji hadi mji kwa njia fupi. Ukizungushwa na barabara iliyofungwa au daraja lisilobeba uzito wako, hizo ni sadaka. Kurudi tupu nako kuna wanaolipa nusu, na wapo wasiolipa kabisa.

Mnaosifia Marekani, haya tuongee Marekani. Kule dereva anaruhusiwa kuendesha jumla ya saa 11 kwa siku ya kazi, tena ndani ya muda wa saa 14 tangu aanze kazi. Zile 14 kwa kawaida hazisimami eti kwa sababu uko kwenye foleni. Ukianza siku kwa kusubiri kwa muda wa saa 6, umebakiwa na 8, hizo 11 huzifikishi tena. Yaani umekaa bure, halafu na kilomita ambazo zingekulipa zimekwenda. Mazoea yao ni saa 2 za mwanzo za kusubiri hazina malipo, baada ya hapo mwenye mzigo anadaiwa faini. Faini hiyo ikifika kwa kampuni, kama itashuka hadi mfukoni mwa dereva ni mkataba ndio unaosema. Halafu sheria yao ya ujira ya mwaka 1938 inawaacha madereva wengi wanaovuka majimbo nje ya malipo ya overtime. Mpaka leo!

Umoja wa Ulaya angalau waliona hatari. Kanuni yao ya mwaka 2006 inakataza kumlipa dereva kwa umbali, haraka ya kufikisha au wingi wa mzigo, ikiwa malipo hayo yanahatarisha usalama barabarani. Walielewa kwamba mtu anayelipwa kwa kilomita atasinzia na mguu uko kwenye mafuta.

Sasa msije na "basi chukua asilimia ya mzigo." Asilimia ya nini? Ya ankara aliyolipa mteja, au ya kilichobaki baada ya mafuta, dalali na makato yasiyo na jina? Dogo mpya hiyo ankara haonyeshwi. Anaambiwa "mzigo huu ulikuwa wa bei ndogo," na ataujulia wapi ukweli? Mizigo minono wanapewa wazoefu, yeye anabebeshwa ile ya kuganga njaa. Asilimia ni nzuri kwa mwenye kuona karatasi, basi.

Malipo ya safari nzima ni yaleyale ya kilomita, yamevaa koti. Gari likikwama mpakani kwa karatasi za wengine, safari ni ileile na hela ni ileile.

Mimi kwa mgeni nasema malipo ya saa, au mshahara wa mwezi wenye kikomo cha saa kilichoandikwa. Mgeni ndiye anayechelewa kurudi nyuma getini, ndiye anayefunga turubai polepole, ndiye anayepotea njia. Kumlipa kwa kilomita ni kumkata kwa ugeni wake. Najua kampuni zinazolipa kwa saa huwa zinabana saa zenyewe, lakini saa iliyobanwa unaiona.

Jambo la mwisho ni mafunzo. Kuna wanaomwita dogo mwanafunzi, wanampa kiasi kidogo kisichobadilika, huku gari linatembea usiku na mchana kwa madereva wawili, yeye akiwa mmoja wao, na mzigo unalipwa kamili. Akitaka kuondoka mapema anaonyeshwa mkataba: lipa gharama za mafunzo. Ile bonasi ya kujiunga iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo? Inakuja kwa vipande, na ukiondoka kabla ya muda unakosa iliyobaki.

Kwa hiyo mnaomjibu dogo "nenda panapolipa zaidi," wekeni hapa hesabu zenu. Jumla ya malipo ya wiki, gawanya kwa saa zote ulizokuwa na gari, foleni zikiwemo. Nawasubiri.