Kompyuta ya Bi Mwalimu Iliyorudi Mwaka 2009

Kikundi cha wastaafu wapenda kompyuta, Tanga. Jumanne.

Bi Mwalimu (saa 2:14 asubuhi): Habari za asubuhi, ndugu wanakikundi. Kompyuta yangu ya mezani, ile niliyoachiwa na mwanangu alipohamia Dodoma, tangu juzi inakataa kufungua ukurasa wowote wa intaneti. Nikiandika anwani ya gazeti, ya benki au hata ya barua pepe, linatokea onyo jekundu linalosema kwamba muunganisho si salama na kwamba huenda kuna mtu anataka kuniibia taarifa zangu. Jana niliipakia kwenye bajaji hadi kwa fundi mmoja mjini, naye hata kabla hajaichomeka kwenye umeme akatamka kwamba imeingiwa na virusi, kwamba ni lazima afute kila kitu, na kwamba nimlipe shilingi 60,000. Nimeirudisha nyumbani kwanza, maana humo ndani mna picha za marehemu mume wangu pamoja na maswali ya mitihani niliyotunga kwa miaka 20.

Karani (saa 2:20): Pole sana, dada yangu. Je, si lile jambo tulilotangaziwa, kwamba Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta zetu, ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025? Yangu nayo ni ya umri huo huo, na nilikuwa nasubiri siku itakayonigomea.

Fundi Simu (saa 2:27): Hapana, kaka, hilo ni jambo jingine. Mashine ambayo mfumo wake hauhudumiwi tena huendelea kuwaka na kufungua kurasa kama kawaida. Inachokosa ni marekebisho mapya ya usalama, na ndiyo maana hatari yake huongezeka polepole bila wewe kuiona. Haiwezi kukataa kurasa zote kwa siku moja. Bi Mwalimu, shikamoo. Nakuomba usimruhusu mtu yeyote afute chochote. Iwashe, kisha upige picha kioo kizima mpaka pembe ya chini upande wa kulia, usipige lile onyo jekundu peke yake.

Bi Mwalimu (saa 2:41): Marahaba, mdogo wangu. [Picha] Nimepiga kwa simu, kwa hiyo utaona na kivuli cha mkono wangu.

Fundi Simu (saa 2:44): Kivuli hakijaharibu kitu. Wote tazameni pembeni kule chini: kompyuta ya Bi Mwalimu inadai kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2009. Ugonjwa wenyewe ndio huo, na virusi hawahusiki kabisa.

Karani (saa 2:46): Tarehe ya pembeni inahusianaje na kufungua gazeti?

Fundi Simu (saa 2:58): Kila tovuti inayoaminika ina cheti cha kujitambulisha, na juu ya cheti hicho zimeandikwa tarehe mbili, ya kuanza kutumika na ya kwisha. Kabla ya kukuonyesha ukurasa, kompyuta hulinganisha tarehe hizo na saa yake yenyewe. Chukulia kwamba umesafirisha magunia ya mkaa, na askari wa kizuizini anasoma kibali chako kinachoanza mwaka 2026, ilhali kalenda iliyo ukutani kwake inasema 2009. Hatakupitisha hata kama kibali ni halali, kwa sababu kwa hesabu yake hakijaanza kutumika. Askari ni mwaminifu, kalenda yake ndiyo mbovu. Simu zetu hazipati tatizo hili kwa kawaida, kwa kuwa huchukua saa kutoka kwenye mtandao wa simu.

Mzee wa Reli (saa 3:05): Hilo nalielewa barabara. Tulipokuwa stesheni, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kupiga simu ya reli na kulinganisha saa ya ukutani, kwa sababu saa ikikosewa hata dakika chache, treni mbili zinaweza kukutana mahali pasipostahili. Lakini niambie, kwa nini saa hiyo irudi nyuma miaka yote hiyo wakati kabla ya juzi ilikuwa sahihi?

Fundi Simu (saa 3:17): Juu ya ubao mkuu wa kompyuta, ule ambao mafundi wanauita madabodi, kuna betri bapa ya duara kama sarafu, na kazi yake ni kuendesha saa wakati kompyuta haina umeme. Betri hiyo ikichoka, saa huanza upya kwenye tarehe aliyoiweka mtengenezaji. Bi Mwalimu, naomba nikuulize swali moja: usiku unazima kompyuta peke yake, au unazima na swichi ya ukutani?

Bi Mwalimu (saa 3:20): Nazima mpaka ukutani, na plagi naichomoa. Mwaka jana umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, ukaunguza runinga ya jirani, na tangu siku hiyo sikuacha kitu kwenye soketi isipokuwa friji.

Fundi Simu (saa 3:26): Basi tumefika. Kompyuta ya mezani ikiachwa kwenye soketi yenye umeme, hata ikiwa imezimwa, bado hupokea umeme kidogo unaoitunza saa, kwa hiyo betri iliyokufa inaweza kukaa humo muda mrefu pasipo mtu kujua. Wewe unachomoa kila usiku, na kwa hiyo saa yako inaitegemea betri peke yake tangu unapolala hadi unapoamka. Usiache tabia hiyo, ni nzuri. Tutabadilisha betri tu. Kwa leo, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ile saa ya pembeni, chagua kurekebisha tarehe na saa, uweke wewe mwenyewe. Kuna sehemu ya kuiachia kompyuta ijirekebishe kwa intaneti, lakini tofauti ikiwa kubwa kupita kiasi Windows inaweza kukataa, na yako ni tofauti ya miaka.

Bi Mwalimu (saa 3:49): Alhamdulillahi, gazeti limefunguka! Nimeweka tarehe ya leo na saa 3:48.

Mzee wa Reli (saa 3:51): Subiri kidogo, dada yangu, maana shimo hilo nililitumbukia mimi kabla yako. Kompyuta haihesabu saa kwa Kiswahili. Saa tatu asubuhi kwake ni 09:00, kwa sababu yeye huanza kuhesabu usiku wa manane. Mimi niliweka saa mbili asubuhi kama 02:00, na kwa miezi mitatu barua pepe zangu zote zilionekana kuandikwa usiku mkubwa, mpaka binti yangu aliyeko Mwanza akampigia mama yake kuuliza kama baba halali siku hizi. Ongeza sita, na hakikisha eneo la saa limeandikwa Nairobi, kwa kuwa ndilo la saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, sawa na letu.

Bi Mwalimu (saa 3:55): Nimeweka 09:55. Nilifundisha hesabu miaka 31, na bado nimekosea kujumlisha sita.

Karani (saa 4:10): Mnivumilie kwa maswali yangu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na sisi tulioajiriwa miaka ile tulijaza madaftari ya hesabu kwa kalamu tu. Kibodi niliigusa nikiwa nakaribia kustaafu. Betri hiyo inaitwaje, na inauzwa wapi?

Fundi Simu (saa 4:22): Inaitwa CR2032, na jina lenyewe ni vipimo: 20 ni upana wake kwa milimita, na 32 ni unene, yaani milimita 3.2. Herufi R maana yake ni duara, na C inaonyesha aina ya kemikali iliyomo, ambayo ni ya lithiamu. Nguvu yake ni volti 3. Hutumika pia kwenye funguo nyingi za magari na kwenye mizani ndogo za jikoni, kwa hiyo duka lolote la vifaa vya umeme linaweza kuwa nayo.

Bi Mwalimu (saa 8:30 mchana): Nimemtuma mjukuu, ameleta hii kwa shilingi 2,000. [Picha]

Fundi Simu (saa 8:36): Pole, Bi Mwalimu, hiyo imeandikwa CR2025. Upana ni ule ule, lakini ni nyembamba, milimita 2.5, na inaweza kulegea ndani ya kishikio ikawa inagusa na kuachia. Irudishwe ikiwa bado imo kwenye karatasi yake.

Bi Muuguzi (saa 8:41): Kabla mjukuu hajatumwa tena, naomba nafasi. Betri hizi ni hatari kuliko zinavyoonekana. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuanza kuunguza nyama ya koo ndani ya saa mbili tu, hata ile iliyochoka ambayo haiwezi tena kuendesha saa. Mkishaitoa ya zamani, izungusheni utepe wa gundi pande zote mbili na muiweke mahali pa juu. Mkidhani mtoto amemeza, msimtapishe wala msisubiri kuona itatoka lini. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo na mseme waziwazi kwamba ni betri.

Bi Mwalimu (saa 10:15 jioni): Nimepokea CR2032, na ile nyingine imerudishwa. Mjukuu ameshika bisibisi, mimi nimeshika simu. Tuanze.

Fundi Simu (saa 10:19): Zimeni kompyuta, chomoeni waya wa umeme ukutani, kisha mbonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Fungueni ubavu wa kasha, na kabla ya kugusa kitu ndani, mjukuu ashike kwanza chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini mwake upite hapo. Mtaiona betri inang'aa. Pigeni picha ilivyokaa. Pembeni yake kuna kichuma kidogo. Kikisukumwa nje kidogo kwa ukucha, betri inaruka yenyewe. Mpya ikae kama ilivyokaa ya zamani, upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa juu.

Bi Mwalimu (saa 10:37): Imeruka kweli, ikaingia chini ya kabati. Tumeitafuta kwa tochi na kuipata, na nimeifunga utepe kama alivyoelekeza Bi Muuguzi. Mpya imekaa. Vumbi lililokuwa humo linatosha kupandia mchicha.

Fundi Simu (saa 10:40): Lipulizeni taratibu, msilifute kwa kitambaa kibichi. Mkiwasha, huenda itawapeleka kwenye ukurasa wa mipangilio ya awali unaoitwa BIOS. Wekeni tarehe na saa, halafu mhifadhi. Mashine nyingi hutumia kitufe cha F10, lakini someni maelezo yaliyo chini ya kioo. Msibadilishe kitu kingine humo.

Karani (saa 10:44): Na ikishapona, Bi Mwalimu, nakusihi unakili zile picha na mitihani kwenye diski ya nje. Jana zingefutwa zote kwa shilingi 60,000, tena kwa idhini yako mwenyewe.

Bi Mwalimu (saa 2:33 asubuhi, Jumatano): Jana usiku nilichomoa plagi kama kawaida yangu, na sasa nimeichomeka. [Picha] Pembeni imeandikwa 08:32, na mwaka ni wa leo. Ninanakili picha, zimebaki 400 hivi. Yule fundi wa mjini amenipigia kuuliza kama nimeshaamua.

Mzee wa Reli (saa 2:36): Umemjibuje?

Bi Mwalimu (saa 2:38): Nimemuuliza saa ya dukani kwake inasema saa ngapi.