Tupeane uzoefu: Picha za watoto mtandaoni, unachuja vipi kabla ya kuposti?

Wakuu, tuweke hapa mbinu zinazofanya kazi, kulaumiana tuache. Naanza. Sura ya mtoto peke yake haisemi mengi. Shida ni ikikutana na jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na shule. Keki yenye jina na umri ikipostiwa siku yenyewe ya bethdei, sura, jina na tarehe ya kuzaliwa vimeshatoka. Picha ya sare yenye nembo inamalizia. Bethdei iposti wiki mbili baadaye, keki isionekane. Cheti cha kuzaliwa na ripoti ya shule usiviposti kabisa, hata ukiviziba.

Fundi Simu: Kwenye kuziba ndipo wengi wanapoingia mkenge. Ile kalamu ya kukolezea maandishi kwenye simu ina rangi inayopitisha mwanga. Ukipaka mara tatu utaona nyeusi tii, lakini mtu akipandisha mwangaza, maandishi yanaanza kusomeka. Weka boksi lililojaa rangi, piga skrinishoti, uposti hiyo skrinishoti. Inasaidia pia kwa GPS: kamera ikiwa na ruhusa ya mahali, picha inabeba alama ya mahali ulipoipigia, skrinishoti haiibebi. WhatsApp huiondoa alama hiyo ukituma picha kawaida. Ukituma kama dokumenti, faili linakwenda zima na kila kilichomo. Kwa hiyo shangazi akisema "nitumie kama dokumenti isififie", zima kwanza ruhusa ya mahali kwenye kamera, na kumbuka kuwa picha za zamani bado zinayo.

Mama Wawili: Na stetasi je? Mpangilio wa "wote isipokuwa fulani" unavuja, maana kila namba mpya unayoisevu inaingia yenyewe, awe dereva au muuza vocha. Chagua "hawa tu". Mabadiliko hayagusi stetasi iliyokwisha kupanda, ifute uipandishe upya.

Mjomba K: Ndugu wakiposti wao?

Mama Wawili: Waambie kabla ya shughuli, siyo baada, tena kwa sentensi moja: "Mgongo sawa, sura hapana." Ikishapostiwa, mfuate inboksi aifute, ukigombana naye kwenye komenti unaivutia watazamaji. Kujiondoa tagi Facebook hakufuti picha, inabaki kwake.

Mwalimu T: Mtoto mwenyewe mmemsahau. Akishaweza kujibu, mwonyeshe picha pamoja na maneno utakayoandika, mtajie watakaoiona. Akikataa, imekwisha hiyo, usimbembeleze. Za kuoga na za kulia usimuulize hata kidogo, zibaki kwenye simu.

Fundi Simu: Naongezea kwa zilizokwisha kusambaa. Tangu 2021 Google inapokea maombi ya kuondoa picha za walio chini ya miaka 18 kwenye matokeo ya utafutaji, na mzazi anaweza kuomba. Ila picha inabaki kwenye tovuti yake, kwa hiyo anza na aliyeiposti, kisha mwenye tovuti, Google iwe ya mwisho. Kabla hujaomba, nakili anwani ya kila ukurasa, fomu inazihitaji.